Burkitt, munganga wa jicho moja mwenye alichora magonjwa ku ramani

Hapa Kisangani, mutu mwenye tumbo inamusumbua miezi mingi anajua njia yake. Kwanza dawa ya minyoo, kisha dawa ya amibe, kisha dawa ya tifoide, na kama haiponi, jamaa inaanza kuzungumuza mambo ya sumu. Wengi wanapona ku hatua ya kwanza ao ya pili, juu minyoo na amibe ni vitu vya kweli mu inchi ya mito. Lakini kuko wagonjwa wachache wenye hawaponi. Wanakonda, choo inatoka na damu, tumbo inavimba kila kisha kula, na siku moja inafunga kabisa: hakuna upepo, hakuna choo, ni kutapika tu. Munganga mupasuaji akifungua tumbo anakuta kipande cha utumbo kimekuwa kigumu, tundu lake limebaki dogo sawa la kalamu. Ile ni kovu. Utumbo ulikuwa na kidonda muda mrefu, ukajitengeneza, na kule kujitengeneza ndiko kuliufunga.

Mu Ulaya na Marekani, makovu ya namna hii yanatokea sana juu ya ugonjwa wenye uliitwa kwa jina la Burrill Crohn, munganga wa New York mwenye aliuandikia mu mwaka wa 1932 pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Ugonjwa huo uko na ndugu yake, ule wa vidonda vya utumbo mukubwa. Hapa Afrika ya kati, kovu la utumbo mara nyingi linatoka kwa kifua kikuu yenye imeingia tumboni, ao kwa kichocho, na ule ugonjwa wa Crohn wanganga walikuwa wanauona kidogo sana. Sababu gani tofauti hiyo?

Mutu mwenye alifanya ulizo hilo kuwa kazi ya nusu ya maisha yake ni mupasuaji wa Ayalandi, Denis Parsons Burkitt, mwenye aliishi Uganda karibu miaka 20. Watu wenye kusoma unganga wanamujua juu ya kansere ya taya ya watoto yenye inabeba jina lake. Ile kazi yake ya pili, ya matumbo, inajulikana kidogo, na labda ndiyo inagusa watu wengi zaidi.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mu muji mudogo wa Enniskillen, kaskazini ya Ayalandi. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa enjenia wa barabara na madaraja ya jimbo, lakini roho yake ilikuwa kwa ndege. Alikuwa anafunga pete ku miguu ya ndege wadogo wa bustani, kisha anafuata kila mumoja ili kujua mipaka ya shamba lake, na yote anachora ku ramani. Alikuwa kati ya watu wa kwanza kabisa kufanya vile. Mutoto alikua akiona baba anatia alama ku karatasi, na hapo ndipo mutu anaweza kuanza kuelewa mambo mengi yenye yalifuata.

Wakati alikuwa na miaka 11, watoto wa masomo walikuwa wanatupiana mawe. Jiwe moja lilipiga miwani yake, kioo kikaingia mu jicho, na jicho likatolewa. Aliishi na jicho la kioo mpaka kufa. Mupasuaji wa jicho moja: watu wengi wangesema haiwezekani, juu mutu mwenye jicho moja anapata nguvu kupima vizuri umbali wa kitu chenye kiko mbele yake.

Mu mwaka wa 1929 aliingia Trinity College, kule Dublin, kujifunza uenjenia sawa baba yake. Hakuendelea muda mrefu. Alikuwa Mukristo mwenye bidii, akaona kwamba njia yake ni ya unganga, akabadilisha masomo. Alimaliza mu mwaka wa 1935, na mu mwaka wa 1938 akapata diploma ya upasuaji kule Edinburgh. Kisha akaomba kazi ya serikali ya kikoloni mu Afrika, wakamukatalia juu ya lile jicho. Vita ilikuwa imeanza, jeshi la Uingereza lilikuwa na njaa ya wanganga na halikuangalia macho sana, likamukamata mu mwaka wa 1941. Alifanya kazi Kenya na Somalia, akaoa Olive Rogers mu mwaka wa 1943, na wakati vita iliisha akaomba tena. Mara hii walikubali. Mu mwaka wa 1946 alitumwa Uganda, mu muji wa Lira, inchi ya Walango.

Lira ndipo mutoto wa baba yake alionekana. Wanaume wengi walikuwa wanakuja kupasuliwa busha, ule ugonjwa wa kuvimba mapumbu. Mupasuaji mwingine angepasua tu na kuandika hesabu. Burkitt aliuliza kila mumoja anatoka kijiji gani, na akaona kwamba wagonjwa karibu wote wanatoka upande wa mashariki ya wilaya, upande wa mangaribi hakuna watu. Wote walikuwa watu wa kabila moja, wenye kula chakula kimoja. Tofauti ilikuwa ya mahali: upande mumoja ulikuwa na minyoo midogo ya filaria yenye inaletwa na mbu. Aliandika jambo hilo mu gazeti la wanganga. Halikufanya makelele, lakini lilimufundisha namna ya kufikiri yenye hakuiacha tena: kabla ya kuuliza ugonjwa huu ni nini, uliza uko wapi na hauko wapi.

Mu mwaka wa 1948 alihamishwa Kampala, ku hospitali kubwa ya Mulago. Na mu mwaka wa 1957 munganga mwenzake, Hugh Trowell, alimuita aangalie mutoto mwanaume mwenye taya zilikuwa zimevimba pande zote ine, juu na chini, kushoto na kuume. Uvimbe wa jino mbovu unakuja upande mumoja. Burkitt hakuelewa. Majuma machache kisha, mu hospitali ya Jinja, aliona mutoto mwingine na taya za namna ileile, na tumbo lenye uvimbe vilevile. Jambo moja linaweza kuwa ajabu ya siku, mambo mawili yanafanya ulizo. Alirudia vitabu vya hospitali, akakuta watoto wengi, wenye kila munganga alikuwa ameandika kwa jina lake tofauti: huyu kansere ya jicho, yule ya figo, yule ya taya. Yeye aliona ni kitu kimoja, na akaandika hivyo mu mwaka wa 1958.

Kisha ramani. Alituma makaratasi yenye picha ku hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wanaona watoto wa namna hii. Majibu yalichora mukanda katikati ya bara. Lakini kusini mukanda ulikuwa na mipaka yenye haieleweki, na ndipo mu mwezi wa 10 wa mwaka wa 1961 alipanda gari ya Ford ya zamani pamoja na wanganga wawili wa misioni, Ted Williams, mwenye alikuwa anafanya kazi Kuluva, karibu na Arua na mupaka wa Kongo, na Cliff Nelson. Walizunguka majuma 10, kilometa hivi 16.000, mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wakiingia mu hospitali karibu 60. Mahali pa juu penye baridi, ugonjwa haukuonekana. Mahali pa ukavu, vilevile. Ilikuwa ramani ya joto na mvua, na mwishowe ikaeleweka kwamba ni karibu ramani ya malaria.

Mwaka huohuo, mu mwezi wa 3, alikuwa ametoa masomo mu hospitali moja ya London, na kijana mutafiti Anthony Epstein alikuwa amekaa kati ya wasikiaji. Epstein aliomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala, na mu mwaka wa 1964, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi mupya mwenye anabeba jina la Epstein na Barr. Ilikuwa virusi ya kwanza ya binadamu yenye kuunganishwa na kansere. Na kitu chenye kilifurahisha zaidi wazazi wa Kampala: dawa zenye zilikuwa zinaharibu kansere ya damu zilifanya uvimbe wa taya kuyeyuka mu siku chache, na watoto wamoja walipona kabisa.

Mutu mwingine angekaa hapo mpaka pensheni. Burkitt alirudi Uingereza mu mwaka wa 1966, na mwaka wenye ulifuata alikutana na Peter Cleave, munganga wa zamani wa jeshi la majini, mutu wa kichwa ngumu mwenye wanganga wakubwa hawakumusikiliza. Cleave alikuwa anasema kwamba magonjwa mengi ya Wazungu yanatoka kwa sukari na unga mweupe wenye maganda yake yametupwa. Wanganga wa London hawakuwa na namna ya kupima ikiwa ni kweli, juu wagonjwa wao wote walikuwa wanakula vilevile. Burkitt alikuwa na namna: alikuwa anajua kwa majina wanganga wa hospitali nyingi za misioni, kutoka Uganda mpaka kusini. Akaanza tena kutuma makaratasi, kila mwezi, ku hospitali zaidi ya 100. Mwezi huu mumepasua apandisite ngapi? Mumeona watu wangapi wenye vidonda vya utumbo mukubwa visivyo vya amibe? Wangapi wenye mawe ya nyongo, wenye bawasiri, wenye kansere ya utumbo?

Majibu yalikuwa karibu yote namna moja. Mu kijiji: hakuna, ao mumoja kwa mwaka. Mu miji, kwa watu wenye walikuwa wameanza kula kizungu: wanaanza kuonekana.

Hapo ndipo alianza kazi yenye ilifanya watu wamucheke. Pamoja na Alec Walker wa Afrika ya Kusini na Neil Painter wa Uingereza, alianza kupima choo. Mutu anameza vipande vidogo vya plastiki vyenye vinaonekana ku radiografi, kisha kila choo inatiwa mu mufuko, inapimwa uzito, inapigwa picha ili kuhesabu vile vipande, na hivyo unajua chakula kilitembea saa ngapi ndani ya mwili. Matokeo yalitoka mu gazeti The Lancet mu mwaka wa 1972. Wanakijiji wa Uganda, wenye kula ulezi, maharagi, viazi na mboga: choo zaidi ya gramu 400 kwa siku, na safari ya siku moja na nusu hivi. Wanajeshi wa majini wa Uingereza na bibi zao, wenye kula mukate mweupe: karibu gramu 100, na safari ya zaidi ya siku tatu. Burkitt alibeba picha za choo mu mikutano ya wanganga wenye suti, akazionesha ku ukuta bila haya. Alikuwa anafundisha kwamba inchi yenye watu wake wanafanya choo kidogo inahitaji hospitali kubwa. Ni mzaha, lakini wenye hesabu ndani yake.

Jina lenye alileta mbele ya watu wote ni la nyuzinyuzi: ile sehemu ya chakula yenye tumbo ya mutu haiwezi kusaga. Mbele yake, mu vitabu vya wanganga, nyuzinyuzi ilikuwa takataka yenye inapita tu. Mu mwaka wa 1975 yeye na Trowell (ndiyo, yule wa Mulago, mwenye kisha unganga alikuwa padri wa Anglikana) walitoa kitabu kikubwa juu ya vyakula vyenye kusafishwa na magonjwa yake, na mu mwaka wa 1981 kingine juu ya magonjwa ya Wazungu. Mu orodha yao kulikuwa apandisite, bawasiri, kisukari, kansere ya utumbo. Na mule ndani mulikuwa pia ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mukubwa.

Juu ya hayo mawili, Burkitt alikuwa na ramani lakini hakukuwa na njia. Aliona kwamba ugonjwa hauko kijijini, hakujua ndani ya utumbo kunafanyika nini. Labo za wakati wake hazikuweza kuangalia mbali hivyo. Leo zinaweza, na inafaa kueleza polepole, juu kovu la Crohn, la kifua kikuu na la kichocho yanafuata karibu mashini moja.

Ukuta wa utumbo umejengwa kwa selile, ni kusema chembe ndogo sana zenye mwili wote umejengwa nazo. Wakati mikrobe ao yai la munyoo linaingia mu ukuta, selile za ulinzi zinakuja na zinaanza kuitana kwa kutuma proteini ndogondogo sawa wajumbe. Wajumbe wamoja wanasema kuja kupigana. Wengine wanasema vita imeisha, funga shimo. Mujumbe mukubwa wa kufunga shimo anaitwa TGF-beta. Anapofika kwa selile za ujenzi zenye zinalala mu ukuta, zinaamuka, zinabadilika, zinapata nguvu ya kujivuta sawa musuli, na zinaanza kushona kolajeni, ile kamba nyeupe ngumu yenye inafanya kovu. Ku mukono wenye umekatwa na panga, kazi inaisha kisha majuma machache na mafundi wanarudi kulala. Mwili uko pia na mikasi yake, proteini zenye zinakata kolajeni yenye imezidi.

Katika ugonjwa wa Crohn vita haiishe. Inawaka miaka na miaka, na haikai juu juu, inaingia mu tabaka zote za ukuta. Mafundi hawalale, mikasi inafungwa, musuli wa utumbo unakuwa munene. Na kuko jambo baya zaidi lenye watafiti waligundua: ule ugumu wenyewe unaamusha mafundi. Selile ikisikia iko juu ya kitu kigumu, inashona zaidi. Ndiyo sababu dawa zenye zinazima moto haziondoe kovu lenye limekwisha kufanyika. Moto unaweza kuwa umezimika na utumbo ukaendelea kujifunga.

Na mu Tshopo? Yakusu iko kilometa hivi 20 kwa kushuka mto kutoka Kisangani. Kule, mu hospitali ya misioni ya Wabatisti, munganga A. C. Fisher alifuatilia kichocho ya eneo la Stanleyville, na mu mwaka wa 1934 alieleza munyoo wenye haukuwa umejulikana kama aina yake yenyewe: Schistosoma intercalatum. Mayai yake yanafanana na ya kichocho ya mukojo, lakini yanatoka mu choo. Yale yenye hayatoke yanabaki ndani ya ukuta wa utumbo, karibu na njia ya nje. Selile zinazunguka kila yai sawa watu wenye wamezunguka nyoka, na wakati yai limekufa, nyuma yake inabaki kolajeni. Wajumbe ni wale wale, TGF-beta kati yao. Burkitt alikuwa angali mwanafunzi wakati Fisher alikuwa anahesabu mayai ku mikroskopu.

Basi nyuzinyuzi inaingia wapi? Jibu lilikuja kwa bakteria zenye zinaishi mu utumbo mukubwa. Chenye mutu hawezi kusaga, zenyewe zinakula, na zinatoa asidi ndogo zenye zinalisha selile za ukuta na kutuliza selile za ulinzi. Mu mwaka wa 2010 watafiti wa Italia walilinganisha watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso na watoto wa Florence: wale wa kijiji walikuwa na bakteria tofauti na asidi hizo nyingi zaidi. Mu mwaka wa 2015 Waamerika weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika ya Kusini walibadilishana chakula majuma mawili tu, na ukuta wa matumbo yao ulibadilika: wenye walipata maharagi na unga wa mahindi walitulia, wenye walipata nyama ya mafuta walianza kuwaka. Mwaka wenye ulifuata, kwa panya, ikaonekana kwamba bakteria zenye njaa ya nyuzinyuzi zinaanza kula ule utelezi wenye unafunika ukuta wa utumbo, na mulango unabaki wazi.

Hayo yote yanasimama upande wa Burkitt. Lakini kuko mambo yenye yalimukatalia, na haifai kuyaficha. Wakati angali muzima, Waingereza na Waitalia walijaribu kuwapa wagonjwa wa Crohn chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, na hakukuwa faida ya wazi. Kuzuia moto si sawa na kuuzima. Kisha mu mwaka wa 2001, vikundi viwili vya watafiti vilikuta jeni moja, NOD2, yenye ikiwa na kasoro inaongeza hatari ya Crohn, zaidi sana ile ya mwisho wa utumbo mudogo yenye inafunga kwa kovu. Zile kasoro ni za kawaida kwa Wazungu, na kwa Waafrika ni adimu sana. Kwa hiyo sehemu moja ya ramani yake ilikuwa ya damu, haikuwa ya sahani.

Ulizo kubwa zaidi ni la hesabu. Hospitali za misioni za miaka ya 1960 hazikuwa na kamera ya kuingiza mu utumbo. Mugonjwa wa choo ya damu alikuwa anapewa dawa ya amibe, anarudi kwao, na kama anakufa, anakufa kijijini bila jina la ugonjwa. Kwa apandisite Burkitt alikuwa na haki, juu apandisite haijifiche, inapasuka ao inapasuliwa. Kwa Crohn, sehemu fulani ya ule uweupe ku ramani ulikuwa ukosefu wa vyombo. Alijua hatari hiyo, aliisema, lakini mutu mwenye kupenda ramani anapenda pia nafasi zake tupu. Leo, mu miji mikubwa ya Afrika yenye iko na kamera na watu wa kuitumia, wagonjwa wa namna hiyo wanaonekana zaidi kuliko zamani. Ni juu vyombo vimekuja, ao ni juu mikate ya unga mweupe na soda zimechukua nafasi ya lituma na sombe? Wanganga wanaendelea kubishana, na pengine ni yote mawili.

Kwa mugonjwa, kubishana huko si maneno ya vitabu. Ugonjwa wa Crohn na kifua kikuu ya tumbo vinapenda mahali pamoja, pale utumbo mudogo unaingia mu mukubwa, na vinafanana hata kwa macho ya munganga mwenye kuzoea. Dawa za Crohn za namna ya kortisone zinalaza selile za ulinzi. Zikipewa mutu mwenye kifua kikuu, mikrobe inapata njia wazi. Na mwenye Crohn akipewa dawa za kifua kikuu peke yake, anapoteza miezi sita na kovu linaendelea kukaza. Kipande kidogo cha utumbo chenye kuchunguzwa ku labo ndicho kinaweza kusaidia kutofautisha, na mu vituo vingi vya afya vya Tshopo hakuna namna ya kukikamata. Nyuzinyuzi pia iko na siku yake: mutu mwenye utumbo umekwisha kufunga nusu, akitafuna muwa ao embe ya nyuzi, anaweza kuufunga kabisa.

Burkitt aliingizwa mu Royal Society ya London mu mwaka wa 1972, akapata zawadi nyingi, na hakubadilika sana. Ku mikutano alikuwa anasisitiza kwamba alikopa mawazo ya watu wengine, ya Cleave, ya Walker, ya Trowell. Hakusema vilevile kila mara juu ya wauguzi wa Uganda wenye waliuliza vijiji na kuandika majina, wala juu ya wazazi wenye walitembea na watoto wao mpaka Mulago; lakini hao ndio walimupa alama za kutia ku ramani. Alikufa tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82, na akazikwa Bisley, kijiji cha Uingereza.

Mpaka leo hakuna dawa yenye imekubaliwa kwa kuondoa kovu mu utumbo. Watafiti wanajaribu kufunga mudomo wa TGF-beta, lakini mujumbe huyo anafanya pia kazi nyingi nzuri, na kumunyamazisha mwili wote ni hatari. Basi inabaki kisu. Zamani kisu kilikuwa kinakata kipande chote chenye kufunga, na mugonjwa mwenye makovu mengi alikuwa anamaliza utumbo kidogo kidogo. Mu mwaka wa 1977 mupasuaji wa India, R. N. Katariya, aliandika juu ya namna nyingine, yenye alifanya kwa wagonjwa wa kifua kikuu ya tumbo: kupasua mahali pa kovu kwa urefu, kisha kushona kwa upana, ili tundu lipanuke bila kutupa kitu. Miaka michache kisha, mupasuaji wa Oxford, Emanoel Lee, aliona kwamba inawezekana pia kwa Crohn, akaitangaza mu mwaka wa 1982. Kazi hiyo haiombi mashini kubwa. Inaomba mupasuaji mwenye anaijua, uzi muzuri, na mugonjwa mwenye alifika mbele utumbo haujapasuka.